Kitansi cha Komanda

Komanda, katika teritori ya Irumu jimboni Ituri, mashariki mwa Kongo, ni njiapanda kabla ya kuwa mji. Barabara ya taifa namba 4, ile inayotoka Kisangani, inafika hapa kutoka upande wa Mambasa, inakata kona kusini na kuteremka Luna, Eringeti na Beni, mpaka Kasindi kwenye mpaka wa Uganda. Hapo hapo barabara namba 27 inachomoka kwenda Bunia, kilomita 75 hivi, kisha inaendelea Djugu, Mahagi na Aru. Maharage, mchele, mihogo, ndizi, mbao, kakao, madumu ya petroli iliyosafiri kutoka pwani ya Kenya: vyote vinakutana hapa, vinabadilisha gari na mara nyingi vinabadilisha mwenyewe.

Makala za fedha za umma kwa kawaida huanzia Kinshasa, kwenye jengo la wizara au kwenye hotuba ya bajeti bungeni. Mimi nimechagua njiapanda. Hapa ndipo mtu wa kawaida anapokutana uso kwa uso na hazina ya taifa lake, na anakutana nayo ikiwa na umbo la kamba iliyokatishwa barabarani.

Tuchukue gunia moja la maharage. Limetoka shambani Irumu juu ya pikipiki, na mama mwenye mali anataka kuliuza Bunia. Kabla hajapima kilo ya kwanza, ameshaanza kulipa. Upo ushuru wa soko wa uchifu. Zipo huduma za serikali zenye vitabu vyao: kilimo, usafi, mazingira, uchukuzi. Ipo ada ya barabara. Yupo polisi, na mbele kidogo yupo askari aliyefunga kamba yake kati ya miti miwili na ambaye haulizwi ameitwa na nani. Na kwenye njia nyingine za Ituri, kule ambako mkono wa serikali haufiki, wapo vijana wenye bunduki wanaodai jetoni, yaani kodi ya kupita, ya kulima, ya kuchimba, ya kulala bila kuamshwa usiku.

Katika malipo hayo yote, ni mangapi yenye kitansi? Nazungumzia kitansi halisi, kile kikaratasi cha serikali chenye namba na muhuri, ambacho nakala yake inabaki kwenye kitabu. Neno lenyewe tumelirithi kwa Kifaransa, na sasa ni la sokoni kama chumvi. Pesa iliyoandikiwa kitansi inaweza kutafutwa: nani aliipokea, lini, aliipeleka benki gani, ilirudi kama nini. Isiyoandikiwa haina pa kutafutwa. Mama amelipa, nafsi yake inajua amelipa, lakini katika vitabu vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo gunia lile halikupita.

Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Antwerp, Ubelgiji, walizunguka Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini wakihesabu bariera, yaani kamba kama hizi, moja baada ya nyingine. Walipata 798. Ituri haikuwa ndani ya hesabu hiyo, lakini mtu wa Komanda hahitaji mtafiti wa kumwambia kamba ni nini. Ninachotaka akumbuke ni hiki: wananchi wa mashariki wanatoa kodi, na wanatoa nyingi. Anayesema Wakongo hawalipi kodi hajawahi kusafiri na gunia.

Sasa twende kwenye vitabu vya Kinshasa, kwa maana huko kuna jambo la kushangaza. Tukipima kwa deni, Kongo ni nchi yenye afya kuliko majirani zake. Deni lake la umma ni chini ya robo ya pato la taifa. Kenya inadaiwa kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya pato lake, na tuliona Juni 2024 vijana wa Nairobi walivyoingia mpaka ndani ya bunge kupinga mswada wa fedha uliokusudia kulipa madeni hayo kwa kodi mpya, hadi rais akauondoa. Sisi hatuna mzigo kama huo. Mganga anayepima deni peke yake angetuambia twende nyumbani, hatuumwi.

Lakini bajeti ya mwaka 2025 ilipangwa kuwa faranga bilioni 51,133, sawa na dola bilioni 18 hivi. Gawa kwa watu zaidi ya milioni 100. Hazifiki dola 180 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, na ndani yake mna jeshi, shule, hospitali, barabara, mishahara ya mawaziri na wabunge, mahakama, balozi, uchaguzi. Mapato ambayo serikali inakusanya ni madogo kwa nchi yenye kobalti, shaba na dhahabu kama yetu. Shirika la Fedha la Kimataifa, FMI, limekuwa likirudia miaka yote kwamba tuko chini ya wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Ugonjwa wetu ni upungufu wa damu. Damu inatengenezwa, kila siku, njiani na machimboni. Inavuja kabla ya kufika moyoni, na ile inayofika moyoni hairudi miguuni.

Wazee wa Ituri wanaukumbuka ugonjwa huu katika kila sura yake. Zaire, fedha aliyoileta rais Mobutu mwaka 1967, ilizaliwa ikiwa na thamani ya dola 2 kwa zaire moja. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, mara baada ya serikali kunyang'anya biashara za wageni na kuwagawia watu wasiojua biashara, na mikopo mikubwa ikawa imeshachukuliwa kwa miradi kama ule waya wa umeme kutoka Inga hadi Shaba. Mwaka 1978 FMI ilimleta Erwin Blumenthal, mtu wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, akae ndani ya Benki ya Zaire na kushika ufunguo. Hakumaliza hata miaka miwili. Aliondoka 1979, na mwaka 1982 akaandika ripoti iliyovuja duniani kote: wadai wasitegemee kulipwa, kwa sababu rushwa ilikuwa ndiyo mfumo wenyewe. Ripoti ikasomwa, na mikopo ikaendelea kutolewa.

Mwisho wake tunaujua. Ilipofika mwishoni mwa 1992 ikachapishwa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu wa wakati huo, Étienne Tshisekedi, akasema haina thamani, wafanyabiashara wakaikataa, wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaenda kununua chakula na wakarudishwa mikono mitupu. Januari 1993 wakapora Kinshasa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi. Baadaye mwaka huo huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na watu wa Kasai wakaikataa moja kwa moja, wakabaki na noti zao kuukuu zilizochakaa. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia.

Nasimulia hayo kwa sababu kamba ya Komanda ilisukwa wakati ule. Askari aliyepewa noti isiyonunua mkate alijifunza kulipwa na raia. Karani wa uchifu alijifunza vivyo hivyo, na mwalimu, na muuguzi, na hakimu. Tukaita jambo hilo Kifungu cha 15: jitafutie. Hakipo katika katiba yoyote ya jamhuri hii, lakini hakuna kifungu kilichotekelezwa kwa uaminifu zaidi.

Tiba ya kweli ilijaribiwa mara ya kwanza mwaka 2001. Vita ilikuwa bado inawaka, Ituri ikiwa mikononi mwa jeshi la Uganda na makundi yake, lakini Kinshasa serikali iliacha kuchapisha noti za kuziba pengo la bajeti. Bei, zilizopanda kwa zaidi ya asilimia 500 mwaka 2000, zilipanda kwa chini ya 20 mwaka 2002. Ni jambo kubwa ambalo tunalisahau. Mwaka 2003 nchi ikaingia katika mpango wa kupunguziwa madeni, na mnamo Julai 2010 ikafutiwa dola bilioni 12.3. Deni la Mobutu likawa limezikwa.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu la kizazi. Tulidhani kwamba kufuta deni na kutuliza faranga ndiyo kupona. Vilikuwa vya lazima. Lakini hakuna hata bariera moja iliyoondoka barabarani siku deni lilipofutwa, kwa sababu bariera haikuletwa na deni. Ililetwa na mtumishi wa serikali asiyelipwa na uchifu usiopelekewa fungu lake. Faranga nayo haikukaa: Juni 1998 ilianza kwa karibu faranga moja na nusu kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilikuwa imefika faranga 2,800 na ushei. Mwishoni mwa 2025 benki kuu iliipandisha thamani ghafla, dola ikashuka chini ya 2,400, na wauzaji wengi waliokuwa na akiba ya dola walilia, maana bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo ule ule. Mama wa maharage hana mtu wa kumweleza ni kwa nini.

Twende sasa kwenye fungu lenyewe, maana hapa sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 175, inasema majimbo yana haki ya asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na inaongeza maneno mafupi yenye uzito wote: yakatwe kwenye chanzo. Maana yake, pesa ikikusanywa Ituri, sehemu ya Ituri ibaki Ituri kabla nyingine haijapanda ndege. Kisha sheria ya 7 Oktoba 2008 ikaeleza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komuni, sekta na uchifu. Piga hesabu: kwa kila faranga 100 za mapato hayo, 40 ni za majimbo, na katika 40 hizo, 16 zinapaswa kufika chini kabisa, kwenye ngazi kama uchifu wa Basili wenye makao yake Komanda.

Faranga 16. Ningependa kila mtu wa Irumu aijue namba hii kama anavyojua namba yake ya simu.

Miaka karibu 20 imepita na kukata kwenye chanzo hakujafanyika. Pesa zote hupanda kwenye akaunti ya Hazina huko Kinshasa, na Kinshasa huamua irudishe nini, lini, kwa jimbo gani. Wanaiita retrosesheni, kana kwamba ni fadhila. Kinachorudi ni sehemu ndogo ya 40, mara nyingi kikiwa kimechelewa miezi, na gavana akishalipa mishahara ya ofisi yake hakibaki cha kuteremsha. Na lile sanduku la usawazishaji ambalo kifungu cha 181 kiliahidi, lenye asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa ajili ya uwekezaji katika majimbo yaliyoachwa nyuma, lilichukua miaka kumi kupata hata sheria ya kulipanga.

Uchifu usiopata 16 zake hufanya nini? Hautafunga ofisi. Unachapisha kitabu kingine cha ushuru, unamweka kijana kijiweni, kijana haandikiwi mshahara bali anakula asilimia ya anachokusanya, na kamba inaongezeka. Kosa la kamba ile lilianza Kinshasa, kwenye mstari wa bajeti ambao haukulipwa. Ndiyo maana nachoka ninaposikia tamko jingine la kuondoa bariera haramu. Zimeondolewa kwa amri mara nyingi. Zinarudi kabla wino haujakauka, kwa sababu njaa iliyozizaa haijaondolewa.

Mtu atauliza: na dhahabu? Ituri ilikuwa na dhahabu kabla ya kuwa na ofisi ya kodi. Watafutaji wa Kizungu waliiona mwaka 1903, machimbo ya Kilo yakaanza miaka miwili baadaye, na mwaka 1926 ikaundwa Kilo-Moto, kampuni ambayo jina lake bado lina uzito Mongbwalu. Leo Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini vizuri sana kwenye karatasi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa uchifu au sekta ya eneo la mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ila mgawo huo unahusu kampuni zinazolipa mrabaha. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Ituri inachimbwa kwa sururu na karai, inauzwa usiku, inavuka ziwa au mpaka ikiwa mfukoni. Mwaka 2023 Uganda iliuza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 2, ilhali migodi yake yenyewe ilitoa kiasi kidogo tu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimekuwa zikionyesha kwa miaka mingi nyingine inatoka wapi.

Kuna kisa kimoja kuhusu Uganda ambacho kinanichoma kuliko takwimu zote, kwa sababu mara hii pesa ilikuja kweli. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri na inawajibika kwa mauaji na uporaji uliotokea. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja kiasi: dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa, kujeruhiwa na kufukuzwa makwao, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Ni kidogo mno kulinganisha na yale yaliyotokea, lakini Uganda ilianza kulipa, milioni 65 kwa mwaka. Ukaundwa mfuko maalumu, FRIVAO, makao yake Kisangani, wa kuwagawia wahanga.

Fikiria maana yake. Pesa hii haikuhitaji kukusanywa kwa bariera. Haikuwa mkopo. Ilikuwa na majina ya wenyewe tayari: wajane, yatima, watu waliochomewa nyumba. Hata hivyo, Septemba 2025 Mahakama ya Kasesheni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu katika kesi ya kuchepusha zaidi ya dola milioni 19 zilizokuwa za mfuko huo, akizielekeza kwenye mradi wa kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana hadi mwisho. Kwamba waziri alifikishwa mahakamani ni hatua, na siidharau. Lakini mahakama ilikuja baada ya pesa kutoka kwenye akaunti. Kwa mjane wa Irumu anayesubiri tangu 1999, hukumu ya Kinshasa haijawa dawa wala sare ya shule.

Hilo linatufikisha kwenye mfereji mwingine unaovuja, wa mishahara. Hadi mwaka 2011 mtumishi wa serikali alilipwa noti mkononi, kutoka mfuko hadi mfuko, na kila mfuko ulimega. Serikali ikaanza kulipa kupitia benki, na mahali ambako hakuna benki Caritas ikabebeshwa kazi ya kuwafikishia walimu pesa zao vijijini. Yeyote aliyekuwa mwalimu wa Ituri miaka ile atakuambia tofauti aliiona, hata kama alitembea siku nzima kufika kituo cha malipo. Kisha Januari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ukafungua orodha ya mishahara. Ulikuta watumishi 145,604 wenye namba za utumishi zisizo sahihi, za kubuni au za kughushi, pamoja na makumi ya maelfu wengine ambao namba moja ilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hasara ilikadiriwa karibu faranga bilioni 149 kila mwezi.

Na upande wa pili wa orodha hiyo wamesimama walimu wenye miili na sauti, wanaofundisha tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, na ambao majina yao hayajaingia. Kuna watumishi hewa wanaolipwa na kuna walimu wasiolipwa, katika nchi moja, kwa bajeti moja. Sijui namna nyingine ya kuueleza ugonjwa wa fedha za umma kwa mtu ambaye hajasoma uchumi.

Kisha kuna vita, inayokula kila kitu. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021; gavana ni mwanajeshi na bunge la jimbo, ambalo kazi yake mojawapo ni kupitisha na kukagua bajeti, limesimamishwa. Januari 2025 FMI ilipitisha mpango mpya wa karibu dola bilioni 2.8 kwa Kongo, baada ya nchi kumaliza mpango wa 2021 hadi 2024, wa kwanza katika historia yake kufika mwisho bila kuvunjika. Kabla mwezi haujaisha, waasi wa M23 wakaingia Goma. Februari wakaingia Bukavu. Serikali ikapoteza forodha za miji hiyo, na Machi rais akaamuru mishahara ya wanajeshi na polisi iongezwe mara mbili. Mapato yakashuka na matumizi yakapanda kwa siku zile zile.

Sitampinga rais juu ya mshahara wa askari. Nimeeleza noti ya zaire milioni 5 ilifanya nini. Askari anayelipwa vizuri na kwa wakati ana sababu moja pungufu ya kufunga kamba. Ila nyongeza iliyotangazwa Kinshasa inapaswa kufuatwa mpaka mkononi mwa yule koplo aliye kwenye handaki la barabara ya Luna, kwa njia ya simu au benki, bila kupitia kwa mkubwa wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliingia Komanda na kuwaua zaidi ya watu 40, wengi wao waumini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Walikuwemo wanawake na watoto. Maduka na nyumba vilichomwa. Siandiki hili ili kupamba makala. Wale waliokufa walikuwa walipa kodi wa njiapanda ile ile niliyoanza nayo. Walilipa ushuru wa soko, walilipa barabara, walilipa kamba. Katika hesabu ya bajeti ulinzi ni mstari mmoja kati ya mingi. Kwao ulinzi ndio uliokuwa bidhaa yenyewe waliyokuwa wakiinunua kila siku, na siku ile haikuletwa.

Kwa hiyo tukizungumzia kuziponya fedha za nchi kwa miaka mingi ijayo, ningependa tuanzie chini, na nitasema mambo mawili tu.

La kwanza ni malipo kuacha mkono. Tanzania, tangu 2017, imezilazimisha taasisi za umma kukusanya kwa mfumo mmoja: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, pesa inaingia Hazina, mkusanyaji haishiki. Mchuuzi wa Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa kutoka Kalemie, anaijua namba hiyo. Kongo nayo ina M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mama wa Komanda hutumia hizo kumtumia mtoto wake pesa ya shule Bunia. Ushuru wa soko, ada ya barabara na huduma zote zile zenye vitabu vinaweza kuwa malipo mamoja yanayolipwa mara moja, yenye ujumbe wa simu kuwa kitansi. Naujua upungufu wake. Mtandao hukatika, na mwenye bunduki hasomi ujumbe. Lakini malipo ya serikali yote yakiwa kwenye simu, kila anayebaki na kamba atakuwa ameonekana kwamba si serikali, na hiyo peke yake ni nuru.

La pili ni zile faranga 16, na hapa ndipo nguvu yangu yote ilipo. Utaratibu ule ule wa simu unaopandisha pesa unaweza kuigawa papo hapo. Ikiingia faranga 100, mashine ikate, bila barua ya waziri, bila ujumbe wa jimbo kwenda kulala hotelini Kinshasa wiki 3. Kama 40 zote haziwezekani kwa mara moja wakati wa vita, basi ianze na sehemu ya ngazi ya chini, hata 4, hata 5, kila mwezi bila kukosa. Na uchifu unaopokea ulazimike kubandika ukutani, kwa Kiswahili, kiasi kilichoingia na kilichotumika. Uchifu nao una walaji wake, tusidanganyane. Lakini mlaji wa Komanda anakaa Komanda. Watu wanajua nyumba yake, wanajua bati lake lilinunuliwa lini.

Nimewasikia wataalamu wakisema kugawa madaraka ya fedha ni anasa ya nchi zenye amani. Mimi naona kinyume. Kijana wa Irumu anayeitwa msituni na kundi lenye silaha anashawishiwa kwa hoja moja rahisi, kwamba serikali inachukua na hairudishi. Hoja hiyo haijibiwi kwa hotuba. Inajibiwa na daraja dogo lililotengenezwa kabla ya mvua, na bango pembeni linalosema pesa ilitoka kwenye ushuru wa soko lenu, mwezi fulani, kiasi fulani. Ofisi na zahanati zilizoanzishwa chini ya ule mradi wa serikali wa kuendeleza teritori 145 ni jambo jema pale zilipomalizika, lakini hazina muuguzi wala karatasi ikiwa hakuna fungu la kila mwezi la kuziendesha.

Nimeshasafiri barabara ile nikiwa nimekaa nyuma ya magunia. Wanawake wa biashara wana desturi moja ambayo huioni kwenye ripoti yoyote. Kila kitansi wanachopewa, hata kile chenye muhuri uliofutika, wanakikunja mara nne, wanakifunga kwa mpira pamoja na vya juma lililopita, na kukifutika kwenye pindo la kitenge. Gari linapopunguza mwendo, mkono unateremka kwenye pindo kabla kamba haijaonekana. Wanavitunza kwa sababu bariera inayofuata itaviuliza.